Ngurumo Anapiga Pasi

Kama kuna kicheko kilichokuwa kikimpandisha Mkasi mori, ni kile cha watu wakitajiwa ile filamu ya dobi. Wala hakikuwa kicheko cha chuki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kilikuwa kicheko cha huruma, kama cha watu wanaomkumbuka mjomba wao aliyelewa harusini akacheza peke yake. "Ngurumo? Mwanamuziki ni yule, wengine wanajaribu tu," watasema. "Lakini filamu! Mungu amsamehe." Kisha watavunjika mbavu, na Mkasi atakunja uso na kutoka nje kabla hajasema neno la kuwakosanisha milele.

Ngurumo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Alipiga roki tangu ujana, gitaa la umeme kifuani, sauti inakwaruza kama mlango wa chuma unaoburutwa juu ya saruji. Aliruka kutoka juu ya spika. Alivunja magitaa jukwaani, na watu waligombania vipande vyake wakaenda kuvitundika sebuleni. Katikati ya umaarufu huo akaja mwongozaji mmoja wa filamu, akamvua koti lake la ngozi, akamfunga aproni, akampa pasi, akamwambia asiimbe hata mstari mmoja.

Akawa dobi. Katika filamu hiyo dobi anagombana na mwanawe, mtoto anaondoka nyumbani kwa hasira, hafiki anakokwenda, na baba analetewa mfuko wa nguo zake. Mwishoni dobi anatoa shati moja mfukoni na kulipiga pasi. Basi. Hakuna neno, hakuna muziki. Kuna meza, blanketi lililoungua pembeni, mvuke, na mikono ya mtu ambaye hajui tena mikono yake ni ya kazi gani.

Siku ya kwanza ilipoonyeshwa, ukumbi ulijaa mashabiki wa roki. Walikaa kwa shingo upande tangu mwanzo, wakisubiri wimbo. Ilipofika pale pa shati, kimya kikawashinda. Mmoja akapaza sauti, "Imba!" Wa pili akaitikia, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa unapiga miguu chini, "Imba! Imba! Imba!" Ngurumo, aliyekuwa amekaa safu ya mbele, akainuka akatoka. Ukoo mzima ukainuka kumfuata, mama mtu mbele.

Mkasi hakuinuka. Wakati huo alikuwa mchumba tu, hata posa ilikuwa bado haijajibiwa, na mchumba mwenye akili angetangulia mlangoni kushika mkoba wa mama mkwe. Yeye alibaki kwenye kiti mpaka taa zikawaka, uso umelowa, kamasi hadi kidevuni. Ukweni walisema binti huyu hana adabu. Hakuna aliyemuuliza alichokiona.

Ngurumo alicheza filamu nyingine mbili, sehemu ndogo ndogo. Katika moja alikuwa daktari anayevua miwani kabla ya kutoa habari mbaya, na ile miwani tu ilitosha kumkausha mtu mate. Hakuna aliyeisema. Baada ya hapo akaacha, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kujicheka. Jukwaani, kati ya wimbo na wimbo, aliliweka gitaa juu ya spika akajifanya analipiga pasi, na watu wakaanguka kwa vicheko. Mkasi alipokuwa akijaribu kumzungumzia ile filamu, hata sentensi haimaliziki. "Shemeji," atasema Ngurumo, "una nguo chafu? Lete, leo nina nafasi." Mume wa Mkasi, mtu mpole asiyependa kelele, naye anacheka. Mkasi anaachwa na maneno yake mdomoni kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

Mambo yakaenda hivyo miaka mingi mpaka kituo cha televisheni alichofanyia kazi Mkasi kilipoamua kumtengenezea Ngurumo kipindi maalumu. Mkasi alikuwa mhariri wa picha hapo. Jina la Mkasi alipewa kwa sababu ya kazi yake, na wengine walisema kwa sababu ya ulimi wake pia. Akapewa kipindi akiunganishe. Alifurahi kwa muda wa kuteremka ngazi moja tu, maana alipofika chumba cha uhariri na kukuta mpangilio ulioandikwa na mtayarishaji, alikuta filamu zote tatu zimebanwa katika kipande kimoja kifupi, na pembeni yake maelekezo: milio ya kuchekesha.

Mtayarishaji alikuwa kijana mchangamfu, shati lake halijakunjamana hata jioni, mtu wa kusema "safi sana" kabla hujamaliza kueleza. Mkasi alimwita, akamkalisha, akamwonyesha mwisho wa filamu ya dobi bila kukata. Chumba kilikuwa kidogo, joto la mashine linawafukuta, na yule kijana alitikisa goti tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umeona?" Mkasi akauliza.

"Nimeona, mama. Safi sana. Polepole kidogo."

"Polepole! Hebu tazama hapa. Pasi imefika kwenye kola, imesimama hewani. Haishuki. Kwa nini haishuki?"

"Labda amesahau."

"Hakusahau. Kola ndipo shati linaposhika shingo. Akiinyoosha, jasho la mtoto linakwisha. Mtu huyu amevunja magitaa maisha yake yote, na hapa anaogopa kushusha pasi. Halafu tazama mwisho. Analikunja, analibana kikaratasi cha namba kama la mteja, analiweka kwenye rafu ya nguo zinazosubiri wenyewe. Kwa hiyo anasubiri. Anajua kabisa hakuna wa kuja, na bado anasubiri. Wewe unataka nimtilie mlio wa bata hapo?"

"Basi tuweke wimbo wake chini ya picha," yule kijana akasema kwa upole wa kuongea na mgonjwa. "Ule mkubwa. Watu wanamjua kwa gitaa, mama, hawamjui kwa pasi."

"Wamjue leo."

"Mzee mwenyewe ameshakubali. Nimempigia, amecheka sana."

Hapo ndipo Mkasi alipochukua mkoba wake, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Ngurumo. Alimkuta barazani amekaa, mvi zimefungwa nyuma kwa kamba ya kiatu, anabadilisha nyuzi za gitaa.

"Shemeji, wewe ni mnafiki," akamwambia hata kabla ya salamu.

"Karibu na wewe."

"Sikaribii. Wamekudharau, na wewe unawashikia taa waone vizuri pa kukudharau. Mbona nyimbo zako huzichekeshi? Mtu akikosea noti moja unamrushia fimbo ya ngoma. Hii kazi moja uliyoifanya ukiwa mtu mzima, unaitupia mbwa!"

Ngurumo alicheka, lakini safari hii kicheko kilitoka nusu. "Mimi sijui kuigiza, shemeji. Watu walisema."

"Wewe uliona nini?"

"Niliona mlango wa kutokea," akasema, akarudia nyuzi zake.

Mkasi alisimama pale akipumua kwa nguvu. Akamwambia anataka kitu kimoja tu: siku ya kipindi aje kwao, akae, atazame lile shati mpaka mwisho. Mara moja. Baada ya hapo acheke mpaka meno yamtoke. Ngurumo akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Sasa ikabaki kupigana na kituo, na Mkasi akakivalia njuga. Alimfuata yule mtayarishaji kwenye korido, kwenye lifti, hata mezani alipokuwa akila, mpaka kijana wa watu akachoka. Shati likakubaliwa, lote, bila bata na bila wimbo. Kikwazo kilichobaki kililetwa na fundi mitambo, mtu wa makamo aliyekuwa na huzuni ya kudumu usoni.

"Dada, hii haitapita," akasema. "Mitambo yetu ina chombo kinachosikiliza matangazo. Kikikosa sauti, kinadhani tumekatika. Hakiulizi mtu. Kinaweka picha ya maua na muziki mpaka sauti irudi."

"Pasi ina sauti. Sikiliza, inafoka."

"Ni ndogo. Chombo hakiisikii. Lakini nikutilie mvumo wa feni chini yake, kidogo tu, hakuna mtazamaji atakayegundua. Kitadanganyika."

Lilikuwa wazo zuri, na kama Mkasi angepunguza hasira kidogo angelipokea kwa mikono miwili. Lakini yalikuwa yamemfika kooni. Watu walimtilia Ngurumo vishindo vya miguu, wakataka kumtilia bata, wakataka kumtilia gitaa, na sasa feni. "Hapana," akasema. "Dobi yule hana feni. Muache na kimya chake. Hicho chombo si kinazimika?"

Kinazimika, akasema fundi, ila kwa amri ya mtayarishaji. Mtayarishaji akaitwa. "Safi sana," akasema. "Nitatoa amri siku hiyo hiyo, mama, usiwe na wasiwasi."

Jioni ya kipindi Ngurumo alifika akiwa amevaa koti lake la ngozi, kana kwamba anakwenda vitani. Mume wa Mkasi alikuwa amepanga viti, ameondoa rundo la nguo zilizokuwa zikisubiri pasi kwenye sofa na kulihamishia meza ya kulia. Wakakaa watatu mbele ya televisheni. Kipindi kilianza kwa makelele: Ngurumo kijana anaruka, Ngurumo anapiga magoti, umati unalia. Mzee mwenyewe alikuwa anatoa maelezo. "Hapo nilichanika suruali. Yule mpiga besi hakulipa nauli maisha yake yote." Mdogo wake alikuwa anacheka mpaka anafuta macho.

Kisha likaja duka la dobi.

Mkasi hakutazama televisheni. Alikuwa ameliona lile shati mara nyingi mno. Alimtazama shemeji yake. Mwanzoni Ngurumo aliegemea nyuma, mikono kifuani, mdomo umeshajiandaa kwa utani. Kwenye skrini yule dobi alitoa shati mfukoni, akalikung'uta mara moja, akasimama. Mikono ya Ngurumo ikashuka. Dobi akanyoosha mkono mmoja wa shati, akageuza, akanyoosha wa pili. Ngurumo akasogea mbele mpaka ukingo wa kiti. Hakuwa anajitazama kama mzee anavyotazama picha za ujana. Alikuwa anamtazama yule mtu kwenye skrini, ana wasiwasi naye, hajui atafanya nini. Pasi ikafika kwenye kola. Ikasimama hewani.

Skrini ikajaa maua.

Maua mekundu, ya plastiki, ndani ya chungu cheupe, na maneno chini yake: Tunaomba radhi. Muziki ukalipuka. Na kwa kuwa juma hilo kituo kizima kilikuwa kinamsherehekea, muziki uliokuwa umewekwa tayari ulikuwa wa Ngurumo, ule mkubwa, gitaa linalia na sauti yake inakwaruza kote sebuleni.

"Rudisha!"

Mkasi hakuwahi kusikia sauti ile nje ya jukwaa. Ngurumo alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, anaitolea macho televisheni. "Rudisha! Nani amekuambia uimbe? Nyamaza wewe!" Alikuwa anajifokea mwenyewe, wimbo wake mwenyewe, na wimbo ukaendelea kumjibu. Alinyanyua kiti, na mdogo wake akaruka kukidaka kabla televisheni haijapata yaliyoyapata magitaa. Mkasi akaizima.

Simu ikalia. Alikuwa mtayarishaji, na Mkasi akaweka sauti ya wazi, wote wasikie, ili asiwe peke yake na hasira zake.

"Mama, samahani kidogo pale. Ile amri ya kuzima chombo, si unajua, leo tulikuwa na wageni, ikanipitia. Lakini habari njema! Watu wanapiga simu, wamefurahia wimbo. Wanasema ulikuja pale pale ulipohitajika. Safi sana."

"Ilikupitia," akasema Mkasi. Hapo akamtolea uvivu. Akamwambia kwamba mtu hapitiwi na kitu anachokithamini, kwamba asingesahau kuzima jiko linalomuungulia chakula chake, kwamba alipoonyeshwa mtu mzima anazika mwanawe kwa pasi alitikisa goti. Akamwambia yeye na chombo chake ni ndugu, wote wawili wakinyamaziwa wanadhani mambo yamekatika. Na moyoni, huku akifoka, alikuwa anajipiga makofi mwenyewe kwa ajili ya feni. Mvumo kidogo tu, na mzee angeona mpaka mwisho. Hasira yake ilishirikiana nao kumkatia mzee filamu yake, na hilo hakuwa na wa kumfokea.

"Shemeji," akaita Ngurumo. Mkasi hakusikia. "Shemeji! Kile kikaratasi."

Mkasi akageuka.

"Kile cha namba," akasema Ngurumo. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Nilipomaliza kulikunja nililibana kikaratasi. Hakikuandikwa popote, sikuambiwa na mtu. Nilikiona pale mezani nikakibana. Yule mwongozaji hakusema kitu, akazima kamera akaenda kula. Nilijua wamekikata. Walikikata, si ndiyo?"

Mkasi akaiweka simu juu ya meza ya kulia, bila kuikata.

"Kipo," akasema.

"Kipo?"

"Kipo, shemeji. Ndicho kinachomaliza filamu. Unalibana, unaliweka kwenye rafu, unalirudisha nyuma kidogo lilingane na mengine. Kisha giza. Kipo tangu siku ya kwanza. Kipo miaka yote hii!"

"Na hukuniambia!"

"Ulinipa nafasi? Kila nikifungua mdomo unaniomba nguo chafu! Nilijua unajua. Ni wewe uliyekifanya, ningejuaje kwamba hujui?" Sasa alikuwa analia, na kulia kukamzidishia hasira. "Nimegombana na watu kwa ajili ya kile kikaratasi. Nimeitwa sina adabu kwa ajili yake. Na wewe unazunguka majukwaani unapiga pasi gitaa, wapumbavu wanacheka, kumbe mwenyewe hujawahi kukiona!"

Ngurumo akafungua mdomo. Wote walijua utani unaokuja. Haukuja.

"Mzee?" ikasema simu mezani. "Mzee yupo? Nimemsikia. Mzee, watu wanakuulizia. Sema neno moja tu niwawekee hewani, sasa hivi, mambo bado ya moto."

Ngurumo akavua koti la ngozi, akalitundika kwenye kiti. Akaenda meza ya kulia, akalisogeza rundo la nguo, akatoa shati la mdogo wake, jeupe, limekunjamana. Mume wa Mkasi bila kuambiwa akatandika blanketi, akachomeka pasi, akarudi nyuma kusimama kando ya mkewe. Simu ilikuwa pale pale mezani, pembeni ya kola.

Akaanza na mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vimekomaa, vina mafundo, na hakuwa na haraka. Mkono wa kulia. Kifua. Alipofika kwenye kola akainua pasi, ikasimama hewani. Haikushuka. Akaiweka kando. Alikunja shati, akalipapasa, akatazama huku na huku mezani akitafuta kitu. Mkasi alichana kona ya gazeti akampa, akachomoa pini kwenye upindo wa gauni lake akampa na hiyo.

"Haloo?" simu ikaita. "Mzee? Mama? Mbona kimya? Mmekatika?"

Ngurumo alibana kikaratasi. Akalibeba shati kwa mikono miwili mpaka kwenye kabati la vyombo, akaliweka juu, akalirudisha nyuma kidogo. Simu iliendelea kuita haloo, haloo, na hakuna aliyeijibu.